Miaka Saba ya Kuchagua Bunduki

Kwa miaka saba Bwana Shamba wetu alikuwa akichagua bunduki. Nasema "wetu" kwa sababu serikali ilimleta kijijini Ganako atufundishe kilimo, na kwa sababu bunduki yenyewe ilikuwa ya kijiji kizima, si yake. Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Hata barua zake zilifika zimeandikwa "Bwana Shamba, Ganako", na hakuna iliyopotea.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilitoka Marangu kumfuata mume wangu, aliyekuwa akitengeneza magari pale Karatu mjini, na cherehani yangu niliiweka barazani kwetu Ganako, hatua chache kutoka kwa Bwana Shamba. Kwa hiyo siku alipohitaji kitu cha kupimia watu mabega, tepu aliyoiazima ilikuwa yangu.

Shida ilikuwa kanga. Walishuka kutoka msitu wa Ngorongoro makundi kwa makundi, wakapita kwenye mistari ya mahindi tuliyoyapanda jana, wakafukua punje moja moja kama watu walioandikwa kazi hiyo. Ngano ikikomaa waliletewa msaada na kwale na njiwa pori. Tulipiga madebe mpaka yakatoboka. Mwishowe kijiji kiliomba kibali cha silaha, na baada ya kusubiri sana kikapewa: bunduki moja ya marisau, ile inayotawanya punje ndogo za risasi, kwa ajili ya ndege waharibifu. Moja tu.

Mkutano uliitishwa. Nani atatuchagulia? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mkweli. Alisema yeye bunduki zote anaziona sawa, zote zina tundu mbele. Macho yakamgeukia Bwana Shamba, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeweza kusoma Kiingereza bila kuchezesha midomo. Akasimama, akanyoosha tai yake (alivaa tai hata siku za kunyunyizia dawa), akasema:

"Nipeni wiki mbili."

Tulimpigia makofi.

Kilichotuharibia ni sanduku. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani alikuwa ameondoka nchini, na vitu alivyoviacha viligawiwa vijiji vya jirani. Sisi tulipata sanduku la magazeti ya kizungu na mtambo wa chuma wenye springi kubwa na mkono mrefu. Mtambo huo ulikaa ghalani mwaka mzima bila mtu kujua kazi yake. Wengine walidhani ni wa kupandia ngano. Mzee mmoja aliukaribia auchunguze, ukamtupia kofia yake juu ya bati.

Bwana Shamba alisoma magazeti yote. Ndipo akagundua kwamba mtambo ule ni wa kurushia sahani. Akatueleza mkutanoni, kwa utulivu kama anayeeleza mbolea:

"Wenzetu hutengeneza sahani ndogo za udongo. Huzirusha hewani kwa mtambo huu. Halafu huzipiga risasi zikiwa angani."

Kisha Mama Mfinyanzi akauliza kutoka nyuma, "Zimewakosea nini?"

Huyu Mama Mfinyanzi alikuwa Mwiraqw, mjane, na vyungu vyake vilipikiwa kuanzia Karatu hadi Mbulu. Swali lake lilikuwa la dhati. Naye Bwana Shamba akamjibu kwa dhati: sahani hazijakosea, ni za mazoezi. Mtu asiyejifunza kwa sahani atamkosa kanga, na risasi ni adimu. Kwa hiyo bunduki yetu, kwa kuwa ni moja, lazima ifae kwa kazi zote mbili: kwa ndege na kwa sahani. Na bunduki ya namna hiyo, akasema, haipatikani kwa kukurupuka.

"Tusikurupuke." Hilo ndilo neno nililolisikia kwake kuliko mengine yote. Alilisema akinywa chai, akifunga baiskeli, akiitikia salamu. Nilimsikia akimwambia hivyo ng'ombe aliyekuwa anazaa.

Alitufundisha mambo mengi. Wateja wangu walikuja kupima sketi wakaondoka wakijua kwamba mtutu mrefu ni mzuri kwa sahani kwa sababu hutulia ukiufuatisha, na mtutu mfupi ni mzuri kwa kwale kwa sababu kwale huruka ghafla miguuni pako. Wakajua kwamba kuna bunduki zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na zingine mtutu mmoja umempanda mwenzake. Kuhusu mdomo wa mtutu alitufanyia onyesho kwa mpira wa maji wa ofisini. Akaubana mdomo kwa kidole, maji yakaenda mbali kwa mstari mwembamba. "Hivi ndivyo marisau yanavyokwenda mdomo ukiwa umebanwa. Kanga wa mbali." Akauachia, maji yakatawanyika karibu. "Hivi mdomo ukiwa wazi. Kwale wa karibu." Sahani, akasema, ziko katikati. Akatafuta katikati kwa kidole kwa muda mrefu sana, na Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama hapo katikati, akarudi nyumbani kubadili shati.

Kwa mazoezi ya mkono alitumia mpini wa jembe. Alimpa seremala auchonge kitako, akaukataa, ukachongwa mwingine. Asubuhi ungemwona njiani na tai yake, ghafla anasimama, anaupandisha mpini begani, anamfuatisha njiwa taratibu, halafu anasema "pa" kwa sauti ndogo. Gari la watalii lililopotea njia ya kwenda kreta ya Ngorongoro liliwahi kusimama, wakampiga picha. Akawaendea na kuwauliza kwa Kiingereza kama kuna yeyote kati yao mwenye uzoefu wa sahani. Dereva akaondoa gari upesi.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mbayuwayu walikuwa wamejenga darini. Bwana Shamba aliacha mpini nyumbani kwa heshima, lakini mwavuli alikuwa nao. Mchungaji alimwona mara tatu katika mahubiri ya siku moja akiuelekeza mwavuli juu. Akafikiri anamwonyesha mahali panapovuja. Wiki ileile mafundi walipanda, wakakagua bati zima, wakashuka wakasema liko salama. Jumapili iliyofuata mwavuli ukaelekezwa tena, mafundi wakapanda tena.

Nisije nikamfanya aonekane mpumbavu. Katika mambo mengine yote alikuwa mwepesi kuliko sisi. Ngano ilipopata ugonjwa wa kutu, alishika jani moja, akalitazama, akasema "kateni hii yote, leo," na tulipokata tukaokoa shamba la pili. Mume wangu alipoangukiwa na gari alilokuwa amelinyanyua kwa jeki, watu walikuwa wangali wanabishana wamvute au wasimvute. Bwana Shamba alifika, akatupa baiskeli chini, akasema "wewe shika hapa, wewe pale, moja, mbili," na mguu wa mume wangu upo mpaka leo kwa sababu hiyo. Mtu aliyeweza kuamua jambo kama lile kwa kufumba na kufumbua, mbona alishindwa na bunduki? Nilijiuliza hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka wa tatu ndipo alipokuja kuazima tepu.

"Mama Fundi," akaniambia, "nimegundua kosa. Bunduki inakaa begani. Na sisi tuna mabega ya kijiji kizima."

Alipima watu wazima wote wa Ganako: urefu wa mkono, upana wa bega, umbali wa shavu hadi kidole. Wengine walidhani serikali inawashonea nguo, wakaja mara mbili. Kazi ile ilimchukua masika na vuli. Alipomaliza, alitafuta wastani, na ule wastani akaja kuusoma barazani kwangu. Bunduki iliyofaa kijiji ilipaswa kuwa ya mtu wa kimo hiki, mkono huu, shingo hii. Tukatafuta katika daftari ni nani mwenye vipimo hivyo. Mwenyekiti hakuwa navyo. Walinzi wa mashamba hawakuwamo. Katika kijiji kizima alikuwapo mtu mmoja tu aliyelingana na wastani ule bila kupungua wala kuzidi, na huyo ni Mama Mfinyanzi.

"Haiwezekani," nikasema.

"Vipimo ndivyo vinavyosema," akajibu, akakunja tepu yangu kwa adabu.

Basi Mama Mfinyanzi, ambaye tayari alikuwa ameagizwa kufinyanga sahani, akaambiwa kwamba yeye pia ndiye atakayezipiga. Alisikiliza. Akauliza kama ni lazima afinyange vizuri. Bwana Shamba akasema ndiyo, vizuri kabisa. Hapo alikosea, kwa sababu yule mama hakujua kufinyanga vibaya.

Siku ya majaribio ilikuja mwaka wa tano. Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, mtu mnene mwenye usingizi mwingi, alikubali kuja na bunduki mbili za kuazima: moja ya mitutu ubavu kwa ubavu, nyingine ya mitutu iliyopandana. Uwanja wa mpira ulijaa watu. Mtambo ulifungwa kwenye gogo. Sahani arobaini zilipangwa juu ya khanga yangu niliyoitandika, nyekundu, nyembamba, zinalia ukizigonga. Ikumbukwe kwamba miaka ile maduka hayakuwa na kitu. Sahani ya bati ukiipata ulikuwa unaifunga kitambaa. Wanawake waliziangalia zile sahani arobaini jinsi watu wanavyoangalia nyama.

Bwana Shamba akachukua bunduki ya kwanza. Ndipo tukaona jambo ambalo kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kulifikiria: hakuwahi kushika bunduki ya kweli. Aliishika vizuri, kitako begani, shavu mahali pake, kila kitu kama alivyotufundisha. Akapaza sauti, "Rusha!" Mtambo ukalia, sahani ikapaa juu, nzuri, inazunguka. Yeye akafumba macho yote mawili, akainua bega kuziba sikio, akafyatua. Bunduki ikampiga teke akakaa chini. Sahani ikaendelea na safari yake, ikatua kwenye nyasi, nzima. Mwanamke mmoja akaikimbilia, akaifuta kwa upindo wa kitenge, na hakuonekana tena siku ile.

Kuanzia hapo mambo hayakuwa majaribio tena. Walinzi wa mashamba walijaribu, Mwenyekiti akajaribu. Zile mbili tatu zilizoguswa na marisau zilikwaruzwa tu, maana zilichomwa zikaiva sawasawa. Kila iliyotua iligombewa. Bwana Shamba alikuwa akipiga kelele, "Msiziokote! Tunahitaji kuhesabu vipande!" na mama mmoja akamjibu akiwa mbioni, "Vipande gani, Bwana Shamba? Hii ni ya wali!"

Zilipobaki chache, Mama Mfinyanzi akaitwa. Akazikagua, akaziweka pembeni moja baada ya nyingine. Bwana Shamba akamwuliza anatafuta nini.

"Hizi hazina kosa," akasema. "Siwezi."

Mwishowe akapata moja, akaigonga kwa ukucha, ikatoa mlio mbaya. "Hii ina ufa. Hii nitapiga."

Akapewa ile bunduki ya mitutu iliyopandana. Iliingia begani mwake kama vile alizaliwa nayo. Sahani ikarushwa. Akaifuata bila haraka, macho wazi, akafyatua, nayo ikapasuka ikawa vumbi jekundu. Bwana Nyama akaamka. Uwanja mzima ukapiga vigelegele: "Hiyo hiyo! Hiyo hiyo!"

Nilimtazama Bwana Shamba. Nilidhani nitaona furaha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Tusikurupuke," akasema. "Sahani moja si ushahidi."

Bwana Nyama akaondoka na bunduki zake.

Mwaka uliofuata kanga walikuja mapema. Mama Mfinyanzi alipanda, wakafukua. Akapanda tena kwa mbegu ya kuomba kwa ndugu, wakafukua. Asubuhi moja nilimwona amesimama mlangoni kwa Bwana Shamba, mkono umefumbwa. Nilikuwa nakanyaga cherehani, nikaacha.

"Hizi ndizo zilizobaki," akamwambia, akafumbua mkono. Punje za mahindi zilikuwa hazijai kiganja. "Nikizitia ardhini ninawalisha wao. Nikizipika nakula mara moja. Bwana Shamba, tuchagulie. Hata iliyo mbaya."

Bwana Shamba aliingia ndani, akatoka na gunia la mahindi yake mwenyewe, posho yake ya miezi, akalipakia kwenye baiskeli akamsindikiza nalo hadi kwake. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Mimi nilijua kwamba mwanamke yule hakwenda pale kuomba mahindi. Jioni nilimwambia.

"Umempa chakula ili usimpe jibu."

Alikuwa akisafisha mpini kwa mafuta. "Kuna aina moja ya kitako sijaisoma bado, Mama Fundi."

Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia kwelikweli, na kwa miezi miwili sikumpelekea chai.

Mwaka wa saba ikaja barua ya uhamisho. Alikabidhi daftari, mabunda ya magazeti na mipini kumi na minne. Tulimuaga kwa mbuzi na hotuba, na watu wengine walilia, nikiwamo mimi. Wiki iliyofuata Mwenyekiti alipanda basi la Arusha, akaingia dukani, akauliza kuna bunduki gani, akaambiwa kuna moja, akarudi nayo. Ilikuwa ya mtutu mmoja, nzito kama mchi. Akapewa Mama Mfinyanzi. Kanga waliielewa ndani ya siku mbili, wakahamia kwa wengine. Mahindi yetu yakaota.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeshona sare za shule moja huko Olbalbal, chini ya milima ya kreta, nikapata lifti ya Landrova ya misheni kuzipeleka. Ilikuwa kiangazi. Nyanda yote ilikuwa vumbi jeupe, na njiani tulipishana na wanawake wa Kimaasai wakisukuma punda wenye madumu, wakitoka mbali na kwenda mbali. Kando ya shule palikuwa na kibanda cha bati chenye kibao: OFISI YA KILIMO. Nikacheka peke yangu, maana huko kulima kumepigwa marufuku kwa ajili ya hifadhi, hata bustani ya mchicha.

Alikuwa amekaa nje, na tai yake. Kwenye benchi lililokuwa mbele yake walikaa wazee watano wa Kimaasai, wamejifunga lubega, fimbo magotini, wametulia kama watu waliozoea mahali. Katikati yao palikuwa na kitabu chenye picha za pampu za maji.

"Mama Fundi!" Akasimama. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka iliyopita. Akaniagizia chai ya maziwa, akaniuliza habari za mguu wa mume wangu, akacheka, akafurahi mpaka akajikwaa. Kisha akanieleza. Kisima kimechimbwa, maji yapo chini. Shirika la kutoa msaada limekubali kuleta pampu yoyote itakayotajwa kwa barua. Wazee wamemkabidhi yeye achague.

"Tangu lini?" nikauliza.

Mzee mmoja, aliyejua Kiswahili, akanijibu kwa upole. "Huu ni mwaka wa pili. Bwana Shamba anatufundisha vizuri sana. Tunakuja kila siku."

Niliwaangalia wale wazee, nikaangalia njia tuliyopita na punda. Nikamwomba Bwana Shamba tuzunguke nyuma ya kibanda.

"Ipi nzuri?" nikamwuliza.

"Inategemea kina, na aina ya..."

"Bwana Shamba. Ipi?"

Akatazama viatu vyake. Vumbi lilikuwa limevipaka rangi moja na ardhi. "Ya mkono. Ile ya ukurasa wa kwanza."

"Ulijua lini?"

"Siku niliyofungua kitabu." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata ile bunduki. Wiki ya kwanza ya kusoma magazeti nilishajua. Iliyopandana, mtutu mmoja mdomo wazi, wa pili umebanwa kidogo. Haikuwa kazi."

"Na mahindi ya watu?"

"Usiniulize hilo, Mama Fundi. Najiuliza mwenyewe." Alikuwa bado anatazama viatu. "Mimi sina ndugu kaskazini hii yote. Sikuoa. Kule Ganako, siku mlipoamka mnataka kujua habari za bunduki, mlipita kwangu. Mkishaipata, mngekuja kwangu kufanya nini?"

Niliwakumbuka wale wanawake wa njiani. Nikamwambia gari linaondoka sasa hivi kurudi Karatu, na kwamba barua akiiandika nitaipeleka mwenyewe.

Tukarudi mbele. Akachukua karatasi, akaiweka juu ya goti. Aliandika mstari mmoja, akatia sahihi, akagonga mhuri, akaikunja karatasi mara mbili. Akasimama mbele ya wale wazee na kusema, "Nimechagua."

Mzee wa Kiswahili akawatafsiria wenzake. Wakatazamana. Mmoja baada ya mwingine wakainuka, wakampa mkono, wakamshukuru kwa maneno marefu ya Kimaasai na baraka. Kisha wakachukua fimbo zao, kwa kuwa shauri limekwisha na ng'ombe wako mbali, wakaondoka wote watano kwa mstari kuelekea bondeni. Tuliwatazama mpaka wakawa wadogo.

Bwana Shamba akakifunga kitabu. Akakiweka mezani, akakisogeza, akakirudisha pale pale. Benchi lilikuwa tupu.

Dereva alikuwa amekwisha washa gari, anapiga honi. Nilikuwa na barua mkononi, na barabara ya kupanda kreta si ya kuchelewa. Nikaenda hadi dirishani, nikampa dereva ile barua, nikamwambia aifikishe misheni leo leo, wao waipeleke kwa shirika, bila kukosa.

"Na wewe, mama?"

"Kuna lori la mahindi linapita kesho."

Nikarudi, nikaketi kwenye lile benchi, nikamwomba Bwana Shamba anisimulie jinsi pampu inavyofanya kazi.